Dozi Sita: Safari ya Dawa ya Malaria hadi Nakivale, na Nafasi Yako Ndani Yake

(Muziki wa kipindi, kisha unapungua.)

Popote ulipo, Base Camp, Juru au Rubondo, na wewe uliyeko Mbarara mjini kwa kutafuta riziki au kumwuguza mtu hospitalini, karibu tukae pamoja. Kina mama mnaopika saa hizi, pandisheni redio kidogo, maana mazungumzo ya leo yanawahusu ninyi zaidi ya wote.

Leo nataka tuongee juu ya kitu kilichofichwa katika nyumba nyingi za hapa Nakivale. Kipo juu ya mbao za paa, au ndani ya kikombe kisichotumika, au kimefungwa kwenye pindo la kitenge. Ni ile pakiti ya dawa ya malaria iliyobaki nusu.

Unaijua. Ulipimwa kituo cha afya, ukatobolewa kidole, kipimo kikaonyesha malaria, ukapewa vidonge vya njano ambavyo wengi tunaviita Coartem, hata pale jina lililoandikwa kwenye pakiti ni jingine. Jina la dawa yenyewe ni atemeta na lumefantrini: dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, ndiyo maana Waswahili wanaiita dawa mseto. Kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa mara moja, mara sita, kwa siku tatu. Siku ya kwanza unameza vinne, baada ya saa 8 vinne vingine. Kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mtoto anapewa kwa uzito wake: wa kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge kimoja kila mara, wa 15 hadi chini ya 25 viwili, wa 25 hadi chini ya 35 vitatu. Mara ni zilezile sita.

Sasa siku ya pili jioni homa imekwisha. Kichwa hakigongi tena. Mtoto anacheza nje. Na nyumbani kuna watoto wengine watatu, kituo ni mbali, mstari ni mrefu, na juzi ulisikia dawa zimekwisha. Basi unasema: hivi vilivyobaki niviweke, kesho keshokutwa mwingine ataugua. Mimi sikuiti mjinga. Mtu aliyekimbia mara mbili au tatu katika maisha yake amejifunza kuweka akiba. Ila akiba hii ina hasara yake, na nitaieleza.

Vile viini vya malaria havifi vyote siku homa inapotoka. Ile dawa ya kwanza katika mseto, atemeta, inapiga haraka na kwa nguvu, ndiyo inayokutoa homa, lakini haikai mwilini. Saa chache imekwisha. Ile ya pili, lumefantrini, ni ya polepole. Inabaki siku kadhaa ikifagia mabaki. Ukikata dozi katikati, unakuwa umewapiga adui wale dhaifu na kuwaachia wale sugu shamba lote. Wiki mbili au tatu baadaye homa inarudi, na wewe unasema, "Dawa hii haina nguvu." Na yule mtoto atakayepewa kesho vidonge viwili vilivyobaki atapata nafuu ya siku moja tu, huku ugonjwa ukijipanga upya ndani ya damu yake. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, siku hiyo moja iliyopotea inaweza kuwa ndiyo iliyokuwa ya kumwokoa.

Utaniuliza: mbona ulitangaza kwamba leo mada ni ushirikiano wa serikali, makampuni na mashirika, na sasa unatuhubiria habari za vidonge? Ni kwa sababu kidonge hicho kimepita mikono mingi sana kabla ya kufika mkononi mwako, na kila mkono ungeweza kukiangusha. Wengine wanauita mpango huo ubia. Wale wanaohusika wanaitwa wadau. Neno hilo siku hizi limekuwa la mikutano: ukumbi wa hoteli, chupa za maji, karatasi kubwa ukutani. Mimi naona mdau wa kwanza ni yule anayemeza, na mara nyingi ndiye hayumo ukumbini. Kwa hiyo leo nataka ujue safari ya dawa hii, ili siku ukiulizwa, au siku ukitaka kuuliza, uwe na maneno.

Wenye umri wangu na kupita hapo mnakumbuka klorokwini. Waliotoka Bukavu, Uvira na Goma waliiita Nivaquine. Vidonge vichungu, mwili unawasha usiku kucha, lakini asubuhi unakwenda shambani. Ilikuwa rahisi, kila duka linayo. Kisha ikaanza kushindwa, kidogo kidogo, nchi baada ya nchi, kwa sababu viini viliizoea. Uganda ilijaribu kuiongezea nguvu kwa kuiunganisha na dawa nyingine. Mwaka 2002 serikali ilianza mpango wa kutibu homa nyumbani, watu wa kujitolea vijijini wakagawa pakiti zilizoandaliwa tayari zilizoitwa Homapak. Wazo la kumfuata mtoto nyumbani kwake lilikuwa zuri sana, na ma-VHT wa leo ni matunda ya wazo hilo. Dawa iliyokuwa ndani ya pakiti ndiyo iliyochoka. Mwaka 2004 Uganda ikaamua kuhamia dawa mseto, na mwaka 2006 ikaanza kuonekana katika vituo vya serikali.

Dawa mseto ilikuwa imetoka mbali. Asili yake ni mmea uitwao artemisia, ambao Wachina waliutumia tangu zamani. Mtafiti Tu Youyou na wenzake ndio waliopata kiini chake katika miaka ya 1970, na mwaka 2015 mama huyo akapewa Tuzo ya Nobel. Kampuni ya Novartis ya Uswisi ilitengeneza vidonge pamoja na Wachina. Lakini bei yake ilikuwa ya wasafiri wa Ulaya. Haikuwa ya mtu wa Isingiro. Mwaka 2001 Novartis na Shirika la Afya Duniani wakakubaliana kwamba kwa serikali za nchi zenye malaria kampuni itauza bila faida. Hapo ndipo mlango ulipofunguka.

Watoto walibaki nyuma. Mama alikuwa anaponda kidonge kichungu katika kijiko, mtoto anakitema, nusu ya dozi inabaki kwenye nguo. Kuna shirika lililoanzishwa Geneva mwaka 1999, Medicines for Malaria Venture, ambalo kazi yake ni hiyo hasa: kukutanisha fedha za serikali na wahisani na maabara za makampuni, ili zitengenezwe dawa ambazo soko pekee lisingezitengeneza, kwa kuwa wagonjwa wake ni maskini. Shirika hilo na Novartis walitoa mwaka 2009 kidonge cha watoto kinachoyeyuka katika maji kidogo na kina ladha tamu ya tunda. Mama anayekikoroga leo kwenye kikombe huku mtoto akimtazama kwa mashaka, anatumia kitu kilichofikiriwa kwa ajili yake.

Na hapa Uganda penyewe, kule Luzira, Kampala, kilifunguliwa mwaka 2007 kiwanda cha Quality Chemical Industries, kwa ubia wa wafanyabiashara Waganda, kampuni ya Cipla ya India na serikali, kutengeneza dawa za virusi vya UKIMWI na dawa mseto za malaria. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba vidonge ulivyopewa vilitengenezwa kwa mwendo wa siku moja kutoka hapa.

Upande wa maduka, habari ni ndefu na ina pande mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ulifanya jaribio: badala ya kupeleka dawa katika vituo vya serikali tu, ulilipa sehemu kubwa ya bei kiwandani, ili hata mwenye duka la dawa auze kwa bei ndogo. Uganda ilikuwamo, pamoja na Kenya, Tanzania na nchi nyingine kadhaa. Dawa hizo zilipigwa chapa ya jani la kijani. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2012 ilionyesha kwamba katika sehemu nyingi dawa ziliongezeka madukani na bei ikashuka; Niger na Madagascar matokeo yalikuwa hafifu. Jambo zuri. Lakini bei nafuu bila kipimo inaleta ugonjwa mwingine: kila mwenye homa anameza dawa ya malaria. Na homa si malaria peke yake. Inaweza kuwa nimonia, inaweza kuwa homa ya matumbo, inaweza kuwa ugonjwa wa mkojo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2010 linasema kila homa ipimwe kwanza.

Na je, mwenye duka anaweza kupima? Wako wanaosema hapana, ni mfanyabiashara, atauza tu. Huko Mukono, mashariki ya Kampala, watafiti waliwafundisha wauza dawa waliosajiliwa kutumia kipimo cha haraka cha kidole, na kulinganisha na maduka ambayo hayakufundishwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Pasipo kipimo, takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu ndiye aliyepata matibabu yanayomfaa. Penye kipimo walikuwa zaidi ya wawili kati ya watatu. Mimi sipendi kumsema vibaya mwenye duka la dawa wa hapa kwetu. Saa nne za usiku mtoto anapochemka, yeye ndiye aliye karibu, na mara nyingi ndiye anayeongea Kisomali chako, Kirundi chako au Kiswahili chako. Tumfanye mdau. Ukiingia kwake, tazama ukutani kama ana kibali cha Mamlaka ya Dawa ya Taifa. Muulize: una kipimo? Kama hana, sema unataka kupimwa kwanza. Na kama pakiti ina maandishi ya kusema ni mali ya serikali ya Uganda na haiuzwi, usiinunue. Hiyo imeibwa kutoka kwenye rafu uliyokuwa uipate bure.

(Muziki mfupi.)

Sasa nije Mbarara, maana kuna jambo la jirani zetu ambalo wengi hawalijui, na mimi naliona la heshima kwa watu wa eneo hili.

Dawa mseto ilipokuwa inaanza, wakubwa wengi walikuwa na wasiwasi. Walisema: dozi sita, siku tatu, na chakula chenye mafuta, je, mtu wa kijijini atamaliza akiwa peke yake nyumbani? Au itabidi kila dozi imezwe mbele ya muuguzi? Kama jibu lingekuwa ni muuguzi, dawa hii isingefika popote. Mbarara kuna kituo cha utafiti cha Epicentre, ambacho ni cha Madaktari Wasio na Mipaka, kinachofanya kazi pamoja na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara na hospitali yake. Watafiti wake waliwachukua wagonjwa 957, wakubwa kwa wadogo, wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilimeza kila dozi mbele ya mhudumu. Kundi jingine lilipewa dawa, likaelezwa vizuri namna ya kumeza na chakula cha kula, likaachwa liende nyumbani. Baada ya siku 28 wakapimwa. Waliosimamiwa walipona asilimia 97.7. Waliomeza wenyewe nyumbani walipona asilimia 98.0. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005 katika jarida la Lancet na kusomwa na madaktari dunia nzima.

Fikiria uzito wake. Watu wa kawaida wa Mbarara, wakulima na wachuuzi, walionyesha kwamba mtu akielezwa vizuri, haitaji polisi wa kumsimamia.

Lakini tusikie na upande wa pili. Utafiti mwingine uliofanywa hapa Uganda, uliochapishwa mwaka 2004, uliwafuata wagonjwa majumbani kuhesabu vidonge vilivyobaki. Tisa kati ya kumi walikuwa wamemaliza. Na wale ambao hawakumaliza, kitu kilichowatofautisha na wenzao ni kwamba hawakupata kusoma shule. Mimi hapo sisomi uzembe. Nasoma kwamba maelezo hayakuwafikia. Sasa chukua hali ya Nakivale, tulio zaidi ya laki moja, wenye lugha nyingi: Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kiamhari, Kibembe, Kifulero, na Kinyankole cha wenyeji wetu. Mama anapewa pakiti dirishani kwa haraka, kwa Kiingereza au Kinyankole, nyuma yake watu mia moja wanasukumana. Anatikisa kichwa kwa adabu. Anaondoka hajaelewa. Hapo ubia wote wa Geneva, Uswisi na Luzira umekatika kwa umbali wa dirisha moja.

Kwa hiyo dada yangu, kaka yangu, usitikise kichwa. Sema, "Sijaelewa, rudia." Omba mkalimani. Rudia wewe mwenyewe kwa sauti mbele yake: vingapi, saa ngapi, siku ngapi. Kufanya hivyo si utovu wa adabu. Mtoto akitapika kabla ya saa moja kupita, arudishiwe dozi ileile, na uende kuomba ya kufidia. Kama una mimba, sema mapema, hata kama ni changa na hujamwambia mtu.

Kuhusu chakula nitasema wazi. Ile lumefantrini inapenda mafuta. Bila mafuta mwili unaipokea kidogo. Na sisi sote tunajua mgao umepungua. Tangu Mei 2025 karibu watu milioni moja kati ya wakimbizi walioko Uganda waliondolewa katika msaada wa chakula. Mtu wa nyumba kama hiyo ukimwambia "kula chakula chenye mafuta", unaweza kumkasirisha bure. Jua basi kwamba kinachohitajika ni kidogo: kikombe kidogo cha maziwa, uji wenye karanga zilizosagwa, kipande cha parachichi. Vikikosekana hivyo vyote, usiruke dozi. Meza na ulicho nacho, na umweleze VHT hali yako. Kuna pia wanaouza pakiti ya dawa sokoni ili wanunue unga. Najua inafanyika. Aliyeuza amekula siku moja, na aliyenunua nusu pakiti bila kipimo amenunua tatizo. Nawaomba wanaopanga misaada wanaotusikia: mkikata chakula, mnapunguza nguvu ya dawa mliyoilipia.

Tupite kwenye malaria kali. Dalili zake kila mzazi azikariri: degedege, mtoto kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kulegea au kupoteza fahamu, kupumua kwa shida. Hapo vidonge havitoshi, na dripu ya uchochoroni haitoshi. Wenzangu wa Kongo, najua imani yetu: kama hajatundikiwa serumu ya kinini, hajatibiwa. Kinini iliokoa wengi. Lakini Mbarara ilikuwa mojawapo ya vituo 11, katika nchi 9 za Afrika, vilivyoshiriki utafiti mkubwa juu ya watoto 5,425 wenye malaria kali. Waliopewa kinini walikufa asilimia 10.9. Waliopewa sindano ya artesuneti walikufa asilimia 8.5. Ulichapishwa mwaka 2010, na baada yake Shirika la Afya Duniani likaifanya artesuneti kuwa ya kwanza. Sindano hiyo inatengenezwa na kampuni ya Guilin ya China, na Medicines for Malaria Venture waliisaidia kampuni hiyo hadi dawa yake ikathibitishwa kimataifa. Kwa hiyo ukifikishwa hospitali, ukaona hawatundiki kinini bali wanadunga sindano, usidhani wamekudharau kwa sababu u mkimbizi. Wanakupa iliyo bora. Na baada ya sindano, mtoto akiweza kumeza, lazima apewe dozi nzima ya dawa mseto ya siku tatu. Usikubali kuruhusiwa kutoka bila hiyo.

Kuna dawa ya artesuneti pia inayowekwa njia ya haja kubwa kwa mtoto mdogo, ambaye hawezi kumeza na yuko mbali na hospitali. Kazi yake ni kumshikilia njiani. Habari yake ina mafunzo makubwa. Kati ya mwaka 2018 na 2020 ilijaribiwa kwa upana Uganda, Kongo na Nigeria. Unitaid walitoa fedha, UNICEF, Clinton Health Access Initiative na wizara za afya wakaifanya kazi. Dawa ilikuwa nzuri, imethibitishwa. Lakini vifo havikupungua kama ilivyotarajiwa. Kwa nini? Watoto wengi hawakufikishwa hospitali baada ya kupewa, au walifika wakatibiwa nusu. Unaweza kuelewa: mtoto amepata nafuu kidogo, usiku umeingia, pikipiki inataka pesa. Mwanzoni mwa mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likasema nchi zisimame kwanza zisiieneze zaidi, na mwaka 2023 likatoa mwongozo mpya: itumike pale tu ambapo njia nzima imekamilika, kuanzia VHT, usafiri, hadi kitanda cha hospitali.

Hapo ndipo utaona maana ya wadau vizuri kuliko katika mkutano wowote. Kiwanda kilifanya kazi yake, mfadhili kazi yake, wizara kazi yake. Kilichokosekana kilikuwa ni nauli ya bodaboda, na mtu wa kumwambia baba wa mtoto: nafuu hii ni ya saa chache, twende.

Sasa wewe unaingilia wapi? Mwaka 2019 Wizara ya Afya ya Uganda ilizindua mpango wa kuingiza huduma za afya za wakimbizi ndani ya mfumo wa taifa, badala ya kuwa kitu cha pembeni cha mashirika. Maana yake ni kwamba kituo unachotibiwa wewe na mwenyeji wa Isingiro ni kimoja, mnapanga mstari mmoja, na dawa zikiisha zinawaishia wote. Kila kituo cha serikali kinatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi, yenye wawakilishi wa wananchi. Muulize mwenyekiti wako wa RWC: nani anatuwakilisha katika kamati ya kituo chetu? Lini walikutana mara ya mwisho? Kuna mama hata mmoja ndani yake? Kuna mtu anayesema Kisomali? Ukikuta dawa zimekwisha, andika tarehe na jina la dawa. Mtu anayesema "hakuna dawa siku zote" husikilizwa kidogo. Mtu anayesema "tarehe 3 na tarehe 10 watoto wa mtaa wetu walirudishwa bila dawa ya malaria" anamlazimisha mtu kufungua daftari. Kama huna wa kumwambia, laini ya bure ya wakimbizi ni 0800 323232, nayo inapokea Kiswahili.

Nanyi ma-VHT, ambao mnatembea jua kali kwa viatu vyenu wenyewe: siku ya pili ya dozi ndiyo ya hatari. Kama mnaweza kupita nyumba moja tu kwa siku, piteni ile ya mtoto aliyeanza dawa jana. Ombeni kuiona pakiti. Msimkaripie mama; hesabuni naye.

Kwa nini haraka yote hii? Kwa sababu viini vimeanza kuizoea hata atemeta na jamaa zake. Watafiti walilithibitisha Rwanda mwaka 2020, na kaskazini ya Uganda mwaka 2021. Dawa bado inaponya, nasisitiza, bado inaponya, kwa kuwa ile ya pili katika mseto inashikilia. Makampuni na watafiti wanatafuta mbadala, lakini mbadala huchukua miaka. Walioona klorokwini ikifa wanajua jinsi inavyokuwa.

Basi usiku huu, kabla ya kulala, panda kwenye ile mbao ya paa. Ukikuta vidonge vilivyobaki, usimpe mtoto, na usivitupe jalalani watoto wakaviokota. Vipeleke kituo cha afya. Na kama ni wewe mwenyewe uliyekatisha jana au juzi, rudi kituoni kesho asubuhi, useme ukweli ulipoishia, upimwe tena. Wasikufukuze, na wakikufukuza, namba nimekupa.

Wiki ijayo, saa hizihizi, mhudumu wa afya atajibu maswali yenu kuhusu malaria kwa mama mjamzito. Yaandikeni, muyapeleke kwa VHT wa kijiji chenu kabla ya Ijumaa.

(Muziki wa kufunga.)